Nabii Daud (A.S.): Ahadi ya Allah haiendi kwa nasaba

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Katika kufundisha kwangu somo la Maarifa ya Uislamu, nimeona vijana wengi wanamjua Nabii Daud (A.S.) kwa jambo moja tu: kumuua Jalut. Hilo ni kweli, lakini ni mwanzo wa habari yake.

Daud alikuwa katika jeshi la Talut, mfalme wa Bani Israil. Wengi katika jeshi lile walianguka mtihani wa kutokunywa maji ya mto zaidi ya kiasi cha kiganja. Wachache waliobaki ndio waliomkabili Jalut, na Daud ndiye aliyemuua. Kisha Allah (S.W.) akampa ufalme, hekima na Zaburi. Biblia inaeleza kuwa alitawala miaka 40: 7 katika mji wa Al-Khalil na 33 Baitul Maqdis.

Je, ufalme ulimpunguzia ibada? La hasha! Milima na ndege walimsabihi Allah pamoja naye. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa funga bora ya sunna ni ya Daud, kufunga siku moja na kula siku moja. Na usiku alilala nusu yake, akasimama kuswali theluthi, kisha akalala sudusi iliyobaki. Juu ya hayo, alikula kwa kazi ya mikono yake. Allah alimlainishia chuma, naye akatengeneza mavazi ya vita.

Sura ya Saad inasimulia mtihani wake. Watu wawili walipanda ukuta wakamwingilia mihrabuni. Mmoja alilalamika kuwa nduguye ana kondoo 99, naye ana mmoja tu, na huyo mmoja anatakiwa pia. Daud alisema papo hapo kuwa mlalamikaji kadhulumiwa. Wapo wafasiri wanaoona kuwa mtihani ulikuwa hapo, kutoa hukumu kabla ya kumsikiliza mtu wa pili. Alipotanabahi aliporomoka kusujudu, akasamehewa. Kisha akaamrishwa ahukumu kwa haki na asifuate matamanio. Ama kisa cha mke wa Uria kilichomo katika Biblia, sisi hatukikubali, kwani Mitume wamehifadhiwa na uchafu kama huo.

Mayahudi na Wakristo husoma katika vitabu vyao kuwa Mungu alimuahidi Daud kiti cha enzi cha kudumu. Lakini Kitabu cha Kwanza cha Wafalme chenyewe kinamwonesha Daud akimuusia Suleiman kuwa ahadi hiyo itasimama iwapo wanawe watashika njia ya Mungu. Qur'an imeweka wazi zaidi: Nabii Ibrahim (A.S.) alipowaombea kizazi chake uongozi, alijibiwa kuwa ahadi ya Allah haiwafikii madhalimu. Historia nayo ni shahidi. Mwaka 586 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), Wababeli waliubomoa mji wa Baitul Maqdis. Sedekia, mfalme wa mwisho wa ukoo wa Daud kutawala pale, alitobolewa macho akapelekwa utumwani kwa minyororo. Damu ya Daud haikumuokoa.

Ndugu zangu, hili linatuhusu. Ni misikiti mingapi mijini mwetu waumini wamegawanyika kwa ugomvi wa uongozi na mali ya wakfu? Hoja inayosikika ni kwamba babu yangu ndiye aliyetoa kiwanja, au baba yangu ndiye aliyekuwa imamu. Kuna anayeuliza nani mwadilifu? Na wangapi wamehukumiwa kuwa wezi kwa maneno ya upande mmoja, bila kuitwa wakajieleza?

Ikiwa Nabii aliyesimama theluthi ya usiku alikumbushwa habari ya uadilifu, sisi tunaolala hadi adhana ya Alfajiri tunajiamini kwa lipi? Mwenye kushika amana ya Waislamu na aishike kwa uadilifu, na mwenye kuhukumu asikilize pande zote mbili. Tukishindwa, Allah hashindwi kuwapa amana hiyo watu wengine.

Wabillahi tawfiq.