Mbaruk bin Rashid wa Gazi na Fungamano Lake na Unguja

Katika majina ya wakubwa wa zamani ambayo bado yanatajwa kwenye mabaraza yetu ya pwani, toka Vanga mpaka Lamu, jina la Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi halikosi. Wazee humtaja kwa ushujaa na ukaidi wake, na wenye kusoma tarehe humkuta katika vita vya 1895 alivyopigana na Waingereza. Lakini vita vile vilikuwa ni miezi michache tu ya uzee wake. Leo, ndugu msomaji, nataka tuyatazame maisha yake kwa upande usiozungumzwa sana, nao ni upande wa biashara. Kwa maoni yangu, mtu huyu hafahamiki mpaka yafahamike mambo mawili kwa pamoja: kwamba aliupinga utawala wa Unguja karibu umri wake wote, na kwamba bila ya Unguja mji wake wa Gazi usingeweza kuishi. Unguja nayo, pamoja na nguvu zake zote, ilimhitaji yeye.

Uadui ule Mbaruk aliurithi. Waomani waliwatoa Wareno katika Ngome ya Mombasa mwaka 1698, na baadaye uliwali wa mji ukawa mikononi mwa Mazrui. Jamaa ya Busaidi iliposhika ukubwa kule Oman katika karne ya 18, Mazrui walikataa kuitii, na Mombasa ikawa dola ya peke yake. Lakini dola ile ilikuwa na tumbo la kulishwa. Mpunga wake ulitoka Pemba, na pembe za ndovu zilimfikia kwa mikono ya Wamijikenda. Sayyid Said bin Sultan alijua pa kushika. Kufikia mwaka 1823 watu wake walikuwa wamekwisha kuwanyang'anya Mazrui kisiwa cha Pemba, na kuanzia hapo Mombasa ikaanza kupungukiwa. Mazrui walijaribu kujificha chini ya bendera ya Waingereza, wakaipandisha mwaka 1824 kwa mkono wa Kapteni Owen, lakini mwaka 1826 Waingereza wenyewe wakaishusha.

Mwaka 1837 mambo yakafika mwisho. Watu wa mji walikuwa wamegawanyika, na Thelatha Taifa waliegemea kwa Sayyid Said. Liwali wa mwisho wa Kimazrui alikuwa Rashid bin Salim, naye ndiye baba yake Mbaruk. Rashid aliutoa mji kwa ahadi ya amani. Baada ya muda mfupi yeye na wakubwa wenziwe wakakamatwa, wakasafirishwa mpaka Bandar Abbas, na hawakurudi tena. Waliosalia wakakimbia Mombasa. Kundi moja likaenda Takaungu upande wa kaskazini, na jingine likaenda Gazi upande wa kusini. Mbaruk alikuwa miongoni mwa watoto wa msiba ule. Alikulia Gazi, na alipokuwa mtu mzima akawa ndiye mkubwa wa hapo.

Sasa, mtu aliyefiwa na baba kwa namna hiyo, na mji wa wazee wake ukachukuliwa, hakuna wa kumlaumu kwa kuwa na kinyongo. Ajabu ni kwamba kinyongo kile kilikaa nyumba moja na biashara, na kila kimoja kilimjua mwenziwe. Ili tulifahamu jambo hili inatupasa tuiache pwani kidogo, tuvuke nyika ya Taru, twende mpaka Makwasinyi.

Makwasinyi ni kijiji cha Wataita, kimojawapo cha vijiji vitano vilivyo chini ya mlima Kasigau, kusini ya Voi. Vinginevyo ni Rukanga, Bungule, Jora na Kiteghe. Mimi nimepata kufika huko, na jambo la kwanza nililoliona ni lile ambalo kila mchukuzi wa zamani lazima aliliona: mlima wenye urefu wa zaidi ya meta 1,600 umesimama peke yake katikati ya nyika kavu, na maji yanatoka mlimani. Mtu aliyetoka pwani, aliyetembea siku kadhaa katika miiba na kiu na mzigo kichwani, mlima ule kwake ulikuwa ni uhai. Ndiyo maana misafara iliyokwenda Taveta na Uchaga iliujua. Mmishonari Johannes Rebmann alipotoka Rabai kwa mara ya kwanza kwenda Utaita, mnamo Oktoba 1847, alifika hapo hapo Kasigau, akauandika mlima kwa jina la Kadiaro. Alifuata njia ambayo Waswahili na Wamijikenda walikuwa wakiipita kabla yake.

Biashara yenyewe ilikwenda hivi. Nguo za merikani, zilizochukua jina lake kwa kuwa zilitoka Marekani, zilishuka Unguja, na hasa baada ya mkataba wa Sayyid Said na Wamarekani wa 1833. Pamoja nazo zilikuja kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Vitu hivyo vilisambazwa katika bandari za mrima na za kaskazini, vikapewa wenye misafara kwa mkopo, na mwisho vikaishia katika vijiji vya bara. Kutoka bara zilirudi pembe za ndovu, na pia watu waliotiwa utumwani. Forodha za pwani Sultani aliwakodisha matajiri wa Kihindi, kama nyumba ya Jairam Shivji na baadaye Taria Topan, nao walimlipa kwa mwaka. Kwa hiyo kila pembe iliyopita bandarini ilimtilia Sultani kitu mfukoni.

Na hapo ndipo fundo la habari yetu lilipo. Gazi ilikuwa na bandari ndogo na mashamba, na nyuma yake palikuwa na vilima vya Shimba na njia za kuendea bara. Mbaruk aliweza kuzifunga njia hizo akitaka, akawatia hofu wenye misafara na kuwafanya matajiri wa Mombasa na Vanga wakose usingizi. Lakini hakuwa na pa kupata baruti wala nguo ila katika biashara iliyotoka Unguja, na pembe alizozipata hakuwa na soko jingine kubwa la kuziuzia. Sultani naye alikuwa na merikebu na askari, akaweza kuipiga Gazi siku yoyote. Lakini askari wake wakiondoka, nani angeiangalia nyika? Kila mmoja alikuwa ameushika mfuko wa mwenziwe, na kuuvuta sana ni kuupasua.

Kwa sababu hiyo Mbaruk aliasi mara kwa mara, na mara kwa mara wakapatana. Alipigana katika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888. Kubwa ni la 1882, alipoishambulia Vanga. Barghash akampeleka Mwingereza Lloyd Mathews, ambaye tangu 1877 alikuwa akimuundia jeshi la kisasa. Mathews akalizingira boma la Mbaruk la Mwele, lililokuwa msituni nyuma ya Shimba, mpaka akaliteka. Mbaruk mwenyewe akaponyoka. Ungedhani hapo ndipo mwisho wake, lakini sivyo. Alirudi, akapewa amani, na hata ruzuku akalipwa ili atulie. Waswahili husema mkono usioweza kuukata ubusu, na kwa miaka mingi Gazi na Unguja zilibusiana mikono kwa namna hiyo, kila mmoja akiitazama shingo ya mwenziwe.

Haifai, hata hivyo, kuisimulia habari hii kana kwamba ilikuwa ni ya wakubwa wawili tu. Wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Mwaka 1873 Barghash alilazimishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa kuzuia watumwa wasipite baharini na kulifunga soko la Unguja. Biashara ile haikufa siku ile. Ilipanda nchi kavu, na misafara ya watu ikawa inaswagwa kwa miguu kuelekea mashamba ya kaskazini. Mazrui wa Gazi na wa Takaungu walikuwa na mashamba, na mashamba yalitaka mikono. Watu wa Mbaruk waliwashambulia Wadigo na Waduruma, na hofu ilienea bara. Ilipokuja njaa kubwa ya 1884 katika Utaita na Umijikenda, wako wazazi waliowaweka watoto wao rehani pwani ili wapate chakula, na wengi katika watoto hao hawakukombolewa. Katika mlima Kasigau wachunguzi wa mambo ya kale wameyakuta mapango yaliyojengewa kuta za mawe, ambamo watu walijikinga pamoja na mifugo yao. Sisi Waislamu tunajua kwamba kumwacha mtu huru ni katika matendo makubwa ya thawabu. Basi haitupasi kuyaficha haya tunapomsifu Sheikh Mbaruk kwa ushujaa.

Kilichoivunja mizani ile ya zamani ni kuingia kwa mtu wa tatu, ambaye hakuihitaji Gazi wala Unguja kama zilivyohitajiana. Katika miaka ya 1885 na 1886, Wajerumani na Waingereza walipokuwa wakiigawana nchi, Mbaruk alitafuta ulinzi wa Wajerumani ili amkwepe Sultani. Mapatano ya 1886 yakaiacha Gazi upande wa Waingereza. Mwaka 1887 Barghash akawakodisha Waingereza ukanda wake wa pwani, na Kampuni yao ikapata hati ya kifalme mwaka 1888. Kampuni nayo mwanzoni ikaufuata mtindo ule ule wa kumpa Mbaruk ruzuku.

Mambo yaliharibikia Takaungu. Mapema mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkubwa wa huko. Kampuni ikamweka mwanawe Rashid mahali pake, ikampita mtu mzima zaidi, Mbaruk wa Takaungu, aliyejiona ana haki zaidi. Huyu alipopigwa akakimbilia Gazi. Waingereza wakamtaka mzee Mbaruk amtoe, naye akakataa. Alikuwa na umri mkubwa, ana ruzuku yake na mashamba yake, na angeweza kunyamaza. Lakini mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Aliyakumbuka ya babaye mwaka 1837, na hakuwa tayari kumkabidhi ndugu yake kwa ahadi ya serikali.

Tarehe 1 Julai 1895 Waingereza waliitangaza nchi kuwa chini ya himaya yao. Tarehe 17 Agosti Admirali Harry Rawson akalivunja boma la Mwele kwa mabaharia wake, na askari wa Unguja walikuwa pamoja naye. Vita vikaenea pwani yote mpaka Waingereza wakaleta jeshi kutoka Bara Hindi. Mwezi wa Aprili 1896 Mbaruk na wafuasi wake wengi wakavuka mpaka, wakajisalimisha kwa Wajerumani.

Huenda wako watu Unguja waliofurahi siku ile. Furaha yao haikufika mbali. Tarehe 27 Agosti 1896, mwaka mmoja na siku 10 baada ya Mwele, Admirali Rawson yule yule aliyapiga kwa mizinga majumba ya Sultani mjini Unguja, kwa muda usiofika saa moja, ili kumng'oa Sayyid Khalid aliyekikalia kiti bila ya idhini ya Waingereza. Vita vya panzi furaha ya kunguru. Na Khalid huyu ni mwana wa Barghash, adui mkubwa wa Mbaruk. Yeye pia alikimbilia kwa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam.

Basi mtoto wa Barghash na mzee wa Gazi wakaishi uhamishoni katika mji mmoja, chini ya bendera moja ya kigeni. Mbaruk alifia huko mwaka 1910, katika mji ulioanzishwa na Sultani Majid, ndugu yake Barghash. Khalid alifia Mombasa mwaka 1927, katika mji ambao wazee wake waliwanyang'anya wazee wa Mbaruk. Kila mmoja amezikwa katika nchi ya mwenziwe.

Na njia ile waliyoigombania je? Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka huo huo wa 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na mchukuzi wa pembe akawa hana kazi. Kasigau ikabaki pembeni, lakini haikusahauliwa na mabaya. Mwaka 1915 Wajerumani waliuteka mlima ule, na Waingereza, waliowashuku wenyeji kuwa wamemsaidia adui, wakawahamisha kwa nguvu mpaka Malindi. Wengi walikufa kwa maradhi na ugeni, na waliobaki hawakurudi mlimani kwao mpaka miaka ya 1930. Kwa mara nyingine, watu wa Makwasinyi na jirani zao walilipa gharama ya ugomvi usiokuwa wao.

Mimi namhesabu Sheikh Mbaruk kuwa shujaa kwa siku ile alipokataa kumtoa ndugu yake, na simhesabu hivyo kwa siku nyingine nyingi. Wasimulizi wetu wanapoitaja Gazi na Unguja, naomba waitaje na Kasigau pia, kwani pembe, maji na watu vilivyowatajirisha wakubwa hawa vilipatikana katika njia kama ile. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wenye majina na wasiokuwa na majina.