Sayyida Salme: Binti Sultani Aliyeshika Kalamu

Kabla ya kujibu maswali ya nafasi ya mwanamke katika jamii, msome mwanamke huyu wa Unguja. Maisha yake yatakufaa pia unapojadili tawasifu.

Sayyida Salme alizaliwa mwaka wa 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja. Babake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mamake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa utotoni akawa suria wa Sultani. Zingatia hali hii: binti mfalme, mama mtumwa.

Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ikiwa unasoma Kajiado, huenda unamjua msichana aliyelazimika kupigania nafasi yake darasani. Utamwelewa Salme upesi.

Kalamu hiyo ilimponza. Mwaka wa 1859, Barghash alipopanga kumpindua ndugu yao Majid, Salme, msichana wa miaka kumi na mitano, aliwaandikia waasi barua. Njama ilishindwa na Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, jambo lililowaudhi wa upande wa Barghash.

Kisha alimpenda Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, akapata mimba. Mwaka wa 1866 alitoroka kwa meli ya Kiingereza hadi Aden. Huko, mwaka wa 1867, alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa, wakaenda Hamburg. Mwaka wa 1870 mumewe alifariki kutokana na ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo ugenini. Ili kujikimu, alifundisha Kiarabu.

Mwaka wa 1885 alirudi Unguja na manowari za Ujerumani kudai urithi wake. Barghash, ambaye sasa ndiye aliyekuwa Sultani, alikataa kumwona. Ujerumani nayo ilimtumia kumshinikiza Sultani. Ilipopata ilichotaka, madai yake yakawekwa kando. Alirudi tena mwaka wa 1888, akatoka mikono mitupu.

Kilichobaki ni kalamu. Mwaka wa 1886 kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani. Kitabu hicho huhesabiwa miongoni mwa tawasifu za kwanza za mwanamke Mwarabu kuchapishwa. Kinaeleza maisha ya ndani ya kasri ambayo wageni hawakuyaona. Hata hivyo, usimsifu tu. Katika kitabu hicho alitetea utumwa, ingawa mamake mwenyewe aliwahi kuuzwa. Msimulizi aliyeonewa anaweza kufumbia macho uonevu wa wengine. Pima kila sauti unayoisoma.

Alifariki mjini Jena mwaka wa 1924, akazikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja. Wewe wa Kitengela, mji uliojaa watu waliohamia kutoka kwingine, jiulize: mtu ni wa kule alikozaliwa au kule anakoishi?

Maswali ya marudio
1. Kalamu ilimjenga na kumbomoa Salme. Thibitisha.
2. Jadili mgogoro wa utambulisho katika maisha yake.
3. Eleza udhaifu mmoja wa Salme kama msimulizi.