Walter Pitts: Jicho na Mantiki Havitengani

Tarehe 14 Mei, 1969, katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, alifariki dunia Walter Pitts akiwa na umri wa miaka 46. Alikufa peke yake katika nyumba ya kupanga, hana shahada ya udaktari wala mali. Hata hivyo, kila mashine ambayo leo hujifunza kutambua sura ya mtu au jani la mmea inatokana kwa sehemu na fikra zake. Twaona yafaa kuwaeleza habari zake wasomaji wetu wa visiwa vya Ziwa Viktoria, na hasa maofisa wa serikali, maana fundisho la maisha yake lahusu vibanja vya wakulima wetu.

Pitts alizaliwa Detroit mwaka 1923 katika nyumba isiyothamini elimu. Yasimuliwa kwamba alipokuwa na miaka 12 alijificha katika maktaba ya umma akiwakimbia watoto waliomwonea, akasoma vitabu vikubwa vya mantiki vya Whitehead na Bertrand Russell, kisha akamwandikia Russell kumwonyesha dosari alizoziona. Mwanachuoni huyo alimkaribisha akasome Uingereza, lakini hakwenda. Alipofika miaka 15 aliondoka kwao akaenda Chicago, akawa anaingia madarasani katika chuo kikuu bila ya kuandikishwa.

Huko alikutana na Warren McCulloch, mtaalamu wa ubongo aliyemzidi umri kwa miaka 25 hivi, ambaye alimpokea nyumbani kwake kama mwana. Mwaka 1943 wawili hao walitoa makala iliyounganisha elimu mbili zilizokuwa mbalimbali, yaani elimu ya neva na elimu ya mantiki. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Seli ya neva ama hutoa ishara ama hunyamaza. Basi ishara na ihesabiwe kuwa kweli, na ukimya uhesabiwe kuwa si kweli. Seli isiyotoa ishara mpaka jirani zake wawili watoe kwa pamoja, hiyo yasema „na‟. Seli inayotosheka na jirani mmoja yasema „au‟. Seli inayozuiwa na jirani yake yasema „si‟. Kwa maneno hayo matatu yaweza kujengwa hoja yoyote ya mantiki ya kauli. Mwaka 1945 John von Neumann, alipoandika mpango wa kompyuta ya EDVAC, aliitegemea makala hiyo.

Lakini mitandao ile ya mwanzo haikujua kujifunza kwa mifano. Kila kiungo kilipangwa na binadamu. Na Pitts mwenyewe alipata pigo mara mbili. Mwaka 1952 Norbert Wiener, mwalimu wake aliyempenda, alivunja uhusiano naye bila ya kumweleza sababu. Kisha, mwaka 1959, yeye na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wa jicho la chura. Ilidhihirika kwamba jicho halipeleki mwanga mtupu ubongoni ili mantiki ianze kazi huko, bali jicho lenyewe huchambua, likakitambua kidudu kinachopita. Waliomjua wameeleza kuwa alivunjika moyo kuona mantiki siyo bwana pekee wa ubongo. Aliichoma tasnifu yake, akazama katika ulevi, akajitenga na rafiki zake hadi kufa.

Baada yake wataalamu waligawanyika. Wengine walishika kanuni, wakaandika programu za kufuata sheria moja baada ya nyingine. Nazo zilikwama kila zilipokutana na jambo lisiloandikwa. Wengine walishika mitandao ya neva inayojifunza kwa maelfu ya picha. Nayo, hasa tangu mwaka 2012, imeona mengi, lakini haiwezi kutoa hoja ya kile inachokisema. Siku hizi pande hizo mbili zinarudishwa pamoja. Mwezi Januari, 2024, ilitangazwa programu ya AlphaGeometry, ambamo mtandao wa neva hubuni mchoro wa kujaribu na mantiki huthibitisha hatua kwa hatua. Ilifumbua maswali 25 kati ya 30 ya jiometri ya mashindano ya kimataifa.

Jambo hili si geni kwa mvuvi wa Goziba au Bumbire. Jicho lake humwambia kwamba samaki huyu ni sangara, wala hakujifunza hayo kitabuni. Lakini jicho halitoi hukumu. Kanuni ndiyo isemayo kwamba sangara aliye chini ya sentimita 50 asivuliwe. Pasipo jicho kanuni haina pa kushika, na pasipo kanuni jicho halina uadilifu.

Sasa tuitazame Omurushaka, wilayani Karagwe, mahali inapoanzia barabara ya kwenda Kyerwa na Murongo. Huko mgomba ndio chakula, na mnyauko wa bakteria ni adui aliyekwisha kuingia mkoani Kagera. Tangu mwaka 2019 ipo programu ya simu iitwayo Tumaini, iliyofundishwa kwa picha zilizopigwa mashambani, zikiwamo za Kongo na Uganda, ili itambue maradhi ya migomba. Hilo ni jicho, na ni jicho zuri. Lakini jani la manjano laweza kuwa mnyauko, au Panama, au ukame tu. Hapo mantiki haina budi kuuliza: je, ndizi zimeiva kabla ya wakati? Je, ndani zina madoa ya kahawia? Je, shina likikatwa latoa utomvu wa manjano? Je, mgomba ni wa ndizi za kupika za nyanda za juu, ambao aghalabu haushikwi na Panama?

Kosa hapa lina gharama. Mashine ikisema mnyauko pasipo mnyauko, mwenye kibanja atakata migomba yenye afya na kungoja mwaka na zaidi apate mkungu mwingine. Ikinyamaza penye ugonjwa, panga lisilopitishwa motoni litaupeleka kwa jirani.

Kwa hiyo twawasihi maofisa wetu: wakiletewa mashine ya kuamua habari za shamba, za hospitali au za kodi, wasiulize tu imepatia mara ngapi. Waulize pia inafuata kanuni zipi, na kama mwananchi atasomewa hoja hizo kwa lugha anayoielewa, apate kuzikubali au kuzipinga. Mashine isiyoweza kufanya hivyo na imsaidie bwana shamba katika kuona, lakini amri ya kukata mgomba isitoke kwake.