MAISHA YA HANDEL, ALIYETUTUNGIA HALELUYA

Kwaya yetu itafunga yubile hii kwa Haleluya. Tumeona vyema mumfahamu aliyeitunga, na ngoma alizoiwekea.

George Frideric Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, tarehe 23 Februari 1685. Baba yake alitaka asomee sheria, lakini kijana alipenda kinanda. Alikaa Italia miaka michache, kisha akahamia London, na mwaka 1727 akawa raia wa Uingereza. Kwa muda mrefu alitunga opera. Zilipoanza kukosa watazamaji, akageukia nyimbo ndefu za masimulizi ya Biblia.

Mwaka 1739, kwa ajili ya kazi yake Saul, aliazima timpani kubwa za jeshi kutoka Tower of London. Timpani ni ngoma za shaba zenye umbo la chungu. Ngozi yake hukazwa mpaka itoe noti moja kamili. Asili yake ni Mashariki, ambako zilipigwa juu ya farasi na ngamia, nazo Ulaya zikawa ngoma za vita na za wafalme.

Mwaka 1741 Handel aliandika Masihi kwa siku 24. Humo timpani hunyamaza muda mrefu, zikingoja Haleluya. Ni noti mbili tu: D na A, yaani doh na soh kwetu sisi wa solfa. Baadaye husikika tena katika kwaya ya mwisho.

Wazee wetu wengi walifundishwa na wamisheni kwamba ngoma haifai kanisani. Leo tunapiga ngoma ndefu kama za jirani zetu wa Chuka, na mpigaji wetu amejifunza kuhesabu na kungoja zamu yake.

Masihi iliimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Fedha zilizopatikana zilisaidia hospitali na kuwafungua wafungwa 142 wa madeni. Handel alipofuka uzeeni, lakini aliendelea kupiga kinanda. Alifariki tarehe 14 Aprili 1759, akazikwa Westminster Abbey.

Kwetu pia wapo waliofungwa na deni: wagonjwa waliokwisha kupona lakini wamezuiliwa wodini kwa sababu ya bili. Sadaka ya leo ni yao. Tafadhali toeni kwa moyo, ndipo tusimame pamoja tuimbe.