RUDOLF DIESEL NA TAA YA PIKAPU YA BABA

Wengi wetu hulitaja jina la mtu huyu karibu kila siku, wala hatujui kuwa ni jina la mtu. Mimi nilidhani dizeli ni mafuta tu, mpaka likizo iliyopita, pikapu ya baba ilipowasha taa ya manjano yenye picha ya injini, ikaishiwa nguvu mlimani na shehena ya nyanya za Ilula, nami nikachelewa kurudi shuleni siku sita. Walimu walioniuliza sababu wataipata humu. Lakini kwanza nataka kusimulia habari za mwenye jina.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani wa Bavaria, na baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kushona vitu vya ngozi. Mwaka 1870 vilipozuka vita baina ya Wafaransa na Wajerumani, jamaa ile ikalazimika kuhama, ikaenda London. Maisha yalikuwa ya dhiki, basi Rudolf, mtoto wa miaka 12, akapelekwa Augsburg kwa jamaa zake, ambako mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa hesabu. Sisi tunaolala bweni twaweza kukisia safari ile ilikuwaje kwake.

Baadaye alisoma chuo cha ufundi cha Munich. Ulipofika wakati wa mtihani wa mwisho aliugua homa ya matumbo, ikambidi angoje. Akaufanya mwaka 1880 akapata alama za juu sana. Mwalimu wake, Carl von Linde, aliyekuwa bingwa wa mitambo ya kutengeneza barafu, akampa kazi.

Lakini moyo wake haukuwa katika barafu. Alikuwa amejifunza kwamba injini za mvuke za siku zile zilipoteza karibu sehemu tisa kwa kumi za moto wa makaa, na jambo hilo likamkera kwa miaka mingi. Wazo lake lilikuwa hili. Ukiibana hewa kwa nguvu nyingi sana, hewa huwa ya moto. Kila aliyejaza upepo baiskeli kwa pampu ameligusa jambo hili kwa vidole vyake. Basi hewa ibanwe ndani ya silinda mpaka iwe na moto wa kutosha kuwasha mafuta yenyewe, pasipo cheche wala kiberiti. Aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1892, akatoa kitabu mwaka 1893, na kiwanda kimoja cha Augsburg kikakubali kumsaidia.

Tarehe 10 Agosti 1893 injini ya kwanza ilijaribiwa. Ilizungushwa kwa nguvu za mtambo mwingine, kisha mafuta yakaingizwa. Juu ya silinda kilifungwa chombo kidogo chenye kalamu, kazi yake kuchora katika karatasi jinsi mgandamizo unavyopanda na kushuka ndani, mahali pasipofikiwa na jicho la mtu. Mafuta yalipoingia yaliwaka kwa kishindo, na chombo kile kikapasuka, vipande vikaruka. Diesel angeweza kufa siku ile.

Hapa ndipo nilipompenda mtu huyu. Mwingine angesema chombo ni kibovu, akanunua kingine na kuendelea. Yeye alijua chombo hakikukosa: kilivunjika kwa sababu mgandamizo ulikuwa mkubwa kuliko kilivyoweza kuchukua. Tena aliona kwamba wazo lake ni la kweli, kwa kuwa mafuta yamewaka pasipo cheche. Kosa lilikuwa katika injini, basi akairudia injini. Tarehe 17 Februari 1894 ilikwenda kwa nguvu zake yenyewe muda wa dakika moja hivi. Dakika moja tu, baada ya miezi sita! Ikapita miaka mitatu mingine ya michoro na vyuma vilivyoharibika, hata mwaka 1897 Profesa Moritz Schröter alipoipima mbele ya watu akaona inageuza asilimia 26 ya moto wa mafuta kuwa kazi.

Sifa zikaja, na fedha, walakini fedha hazikukaa. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913, akisafiri katika meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza, alitoweka. Mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti baharini siku chache baadaye, na mwanawe akavitambua vitu vilivyotolewa mifukoni. Alikuwa na madeni makubwa, na wengi huamini alijitosa mwenyewe. Hakuiona motokaa ya abiria yenye injini yake ikiuzwa. Hiyo ilitoka mwaka 1936, baada ya kupatikana pampu ndogo ya kusukuma mafuta kwa nguvu.

Sasa nirudi kwa pikapu. Chombo kile cha kalamu kina wajukuu, ambao mafundi huwaita sensa (si ile ya kuhesabu watu). Mmojawapo hukaa kwenye bomba la mafuta la injini na kuiarifu kompyuta ya gari mgandamizo uliomo. Fundi wa kwanza aliunganisha mashine yake, ikaonyesha kwamba mgandamizo wa dizeli ni mdogo. Akasema sensa imekufa. Baba akanunua mpya kwa fedha zilizokuwa za nauli yangu, sabuni na madaftari. Taa ikazimika siku mbili, ikawaka tena mlimani palepale.

Fundi wa pili, mzee mmoja, hakununua kitu. Aliuliza taa huwaka lini, akaambiwa ni wakati wa kupanda na mzigo, yaani injini inapotaka mafuta mengi. Akafungua filta ya dizeli, akamwaga yaliyomo katika kopo. Yalitoka maji na uchafu mweusi kama masizi ya jiko. Sensa ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo: mafuta hayakufika ya kutosha. Akaweka filta mpya, kisha, kwa kuwa baba hakuamini, akairudisha sensa ya zamani mahali pake na kufuta kumbukumbu ya kosa. Tulipanda mlima na mzigo kamili, taa isiwake.

Sensa mpya baba ameifunga katika kitambaa, imo kabatini nyumbani. Muuzaji alikataa kuirudisha.