Gilbert Walker: Mwanahisabati aliyetafuta siri ya mvua za msimu

Na Mwandishi Wetu

KILA vuli na masika zinapokaribia, mamlaka za hali ya hewa za Afrika Mashariki hutangaza mwelekeo wa mvua: maeneo haya yatapata za wastani, yale juu ya wastani, mengine chini yake. Wapo wananchi wanaouamini mwelekeo huo, na wapo wanaoubeza.

Wachache wanafahamu kuwa kazi hiyo ina deni kubwa kwa Mwingereza mmoja ambaye hakusomea hali ya hewa, na kwamba miongoni mwa takwimu alizozitegemea ilikuwamo mvua ya masika ya Zanzibar.

Huyo ni Sir Gilbert Thomas Walker, aliyezaliwa Juni 14, 1868 mjini Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Alisoma hisabati katika Chuo cha Trinity, Cambridge, na mwaka 1889 alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa mwisho wa somo hilo.

Bidii hiyo ilimgharimu afya, akalazimika kwenda Uswisi kupumzika. Aliporejea Cambridge alijulikana pia kwa kuchunguza bumarengi, silaha ya kurusha ya wenyeji wa Australia, ambayo aliirusha mwenyewe hadi akapewa jina la utani kutokana nayo.

Kilichombadilishia maisha ni India, iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Huko, pepo za kusi zikikosa kuleta mvua kati ya Juni na Septemba, mavuno hukauka shambani. Njaa ya mwaka 1876 hadi 1878 iliua mamilioni ya watu, na serikali ikaitaka idara yake ya hali ya hewa, iliyoanzishwa mwaka 1875, itafute namna ya kuziona dalili mapema.

Mkuu wa kwanza wa idara hiyo, Henry Blanford, alitazama theluji ya milima ya Himalaya: ilipozidi, mvua ilielekea kupungua. Mrithi wake, John Eliot, alitoa taarifa ndefu zenye maelezo mengi.

Mwaka 1899 utabiri ulikuwa wa matumaini. Mvua ikakosekana vibaya, njaa ikafuata, na magazeti yakaishambulia idara. Matokeo yake, kwa miaka kadhaa utabiri wa msimu haukutangazwa tena kwa umma, ukabaki siri ya maofisa. Mkulima, ambaye ndiye aliyekuwa na la kupoteza, akaachwa gizani.

Huo ndio mzigo alioupokea Walker mwaka 1904 alipokuwa mkurugenzi mkuu wa vituo vya hali ya hewa vya India, makao yake yakiwa Simla. Aliona kuwa kanuni za fizikia za wakati huo zisingeweza kueleza mwenendo wa anga ya dunia nzima, akaamua kuziachia takwimu zijieleze.

Kompyuta hazikuwapo. Makarani wa Kihindi walikokotoa kwa mkono maelfu ya hesabu, wakilinganisha mvua, joto na mgandamizo wa hewa wa vituo vilivyotawanyika duniani, ili kujua ni kipi hutangulia kipi.

Kutokana na hesabu hizo Walker alipata mlinganyo wenye viashiria vinne: theluji ya Himalaya, mgandamizo wa hewa wa Mauritius, ule wa Amerika Kusini, na mvua ya Zanzibar ya Aprili na Mei. Masika ikizidi upande wa Zanzibar, ilihesabiwa kuwa ishara mbaya kwa mkulima wa India.

Wakati huohuo uliibuka mjadala ambao msomaji wa leo hatauona mgeni. Baada ya miaka mingi ya mvua haba, wengi waliamini kuwa hali ya hewa ya India imebadilika moja kwa moja, na ukataji wa misitu ulitajwa kuwa mojawapo ya sababu. Walker alipitia kumbukumbu za mvua, na mwaka 1910 akachapisha jibu: takwimu hazikuonyesha badiliko la kudumu.

Jibu hilo lilihusu mvua za nchi moja katika kipindi kimoja. Kuhusu joto la dunia, kumbukumbu ndefu za leo zinasema jingine: mwaka 2021 Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi lilihitimisha kuwa hakuna shaka binadamu ameipasha joto dunia. Hata hivyo njia ni ileile ya Walker: kuuliza kumbukumbu kabla ya kutoa hukumu.

Alikuwa mkali pia kwa kazi yake mwenyewe. Alionya kuwa anayelinganisha mambo mengi hakosi kupata yanayofanana kwa bahati tu, na akaweka kipimo cha kuyachuja. Alipendelea neno lenye maana ya kuashiria badala ya kutabiri, ili umma usidhani ameahidi.

Katika kusaka mvua ya India aligundua jambo kubwa zaidi: mgandamizo wa hewa unapopanda upande wa Bahari ya Pasifiki, hushuka upande wa Bahari ya Hindi, na kinyume chake. Mwaka 1924 aliupa mwenendo huo jina lenye maana ya bembea ya kusini.

Mwaka huohuo alistaafu India, akatunukiwa cheo cha Sir na kuwa profesa katika Chuo cha Imperial, London, hadi 1934. Wengi walitilia shaka bembea yake kwa kuwa hakuweza kueleza chanzo chake. Alifariki dunia Novemba 4, 1958 akiwa na umri wa miaka 90, shaka hiyo ikiwa haijaondoka.

Mwaka 1969 mtaalamu Jacob Bjerknes alionyesha kuwa bembea hiyo na joto la bahari liitwalo El Niño ni pande mbili za jambo moja. Mzunguko wa hewa unaohusika aliuita kwa jina la Walker.

Ni El Niño hiyo iliyochangia mafuriko ya Kenya na Tanzania ya mwaka 1997 na 1998. Mwaka 2015 ilikuwa na nguvu tena, lakini maeneo mengi hayakuona mvua kama zile. Mwaka 2023 Wakenya walibishana hadharani iwapo mvua kubwa zingefika kweli. Zilifika, na kuua watu.

Tofauti hizo zisingemshangaza Walker. Baadhi ya viashiria vyake mwenyewe vilipoteza nguvu kadiri miaka ilivyopita, na Bahari ya Hindi ina mambo yake. Mwelekeo wa msimu ni uzito wa uwezekano, si ahadi. Lakini India ya mwaka 1899 ilionyesha kuwa utabiri ukikosea, kuuficha hakumwokoi mkulima.