Georges Simenon, baba ya komisere Maigret

Wandugu wa kazi, na ninyi bamama munaongojea poste ya usiku irudi, leo hatutazungumza juu ya mshahara wala juu ya kongé. Tutazungumza juu ya mtu mmoja munayemjua bila kujua jina lake. Nikisema Maigret, wengi watajibu mbio: ni yule komisere mnene wa televizyo, mwenye kiko mdomoni na koti nzito, anayetembea polepole sawa mtu aliyetoka kazini amechoka. Kwetu kwenye kampi, nyumba moja tu ilikuwa na televizyo nzuri, na jioni watu walijaa mule hata kwenye dirisha. Vijana walipenda filamu za bunduki na motokari zinazofukuzana. Lakini wazee, wale walioshuka chini ya udongo miaka makumi, walimpenda Maigret. Mimi nilikuwa mtoto, sikuelewa sababu. Sasa nimepita miaka 40, niko delege wa sendika, na ninafikiri nimeelewa. Sababu iko katika aina ya kesi alizozipenda komisere huyu. Na kesi zile zilitoka katika maisha ya mtu aliyeziandika.

Mtu yule ni Georges Simenon. Alizaliwa Liège, katika Ubelgiji, mwezi wa pili mwaka 1903. Usiku ule ulikuwa unaingia Ijumaa tarehe 13, na mama yake, Henriette, aliogopa bahati mbaya. Basi baba alienda kumwandikisha mtoto kwa tarehe 12. Ni hivi maisha yake yalianza: na uongo mdogo mbele ya serikali, uongo wa mama anayelinda mtoto.

Liège ulikuwa mji wa watu kama sisi: mashimo ya makaa ya mawe, viwanda vya chuma, moshi juu ya nyumba. Lakini jamaa ya Simenon haikuwa ya wachimbaji, wala haikuwa ya matajiri. Baba yake, Désiré, alikuwa karani wa asiransi. Mama alipangisha vyumba vya nyumba kwa wanafunzi waliotoka Urusi na Poland, na kila franga ilihesabiwa. Désiré alikuwa mgonjwa wa moyo. Simenon mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mama alikuwa anamlaumu baba: anafanya kazi ya asiransi, lakini yeye mwenyewe hana asiransi ya maisha ya kulinda bibi na watoto. Kumbe alikuwa ameomba, na walimkataa juu ya moyo wake. Akanyamaza. Akameza lawama mwaka kwa mwaka ili bibi yake asiogope. Mushike vizuri habari hii, maana ndani yake muko Maigret mzima.

Mwaka 1918 munganga alimwambia kijana kwamba baba hana siku nyingi. Georges akaacha masomo akiwa na miaka 15. Alijaribu kazi kwa mtengeneza mikate, kisha katika duka la vitabu, na fasi zote mbili hakukaa. Mwanzo wa mwaka 1919, mbele ya kutimiza miaka 16, akaingia katika gazeti la mji wake, Gazette de Liège. Kazi yake ilikuwa kuzunguka polisi na tribinali kutafuta habari ndogondogo: mwizi, mlevi, mtu aliyeruka mtoni, bwana na bibi waliopigana. Pale njo alisomea kazi yake yote. Lakini tuseme ukweli mpaka mwisho: katika gazeti lile lile, mwaka 1921, aliandika makala 17 za kuwachafua Wayahudi. Kuwa kijana na kupewa amri na mkubwa wa kazi hakufuti maneno yaliyochapwa.

Mwaka ule ule baba yake akafa, na miaka 44 tu. Mwisho wa mwaka 1922 Georges akapanda treni kwenda Paris. Kule aliandika kwa mbio ya kushangaza: hadithi za mapenzi, za safari, za wezi, karibu vitabu 200 vya bei ndogo, vyote chini ya majina ya uongo. Ilikuwa kazi ya kulipwa kwa kipande, na wenzangu wa vipande munajua namna inavyochosha mgongo. Kisha, mwezi wa pili mwaka 1931, akatoa vitabu vya kwanza vya Maigret kwa jina lake la kweli. Ili watu wasikie, alifanya dansi kubwa ya usiku huko Paris, na wageni waliombwa alama za vidole mlangoni sawa wafungwa.

Sasa tuingie katika kesi zenyewe. Wapelelezi wengi wa vitabu wanapenda kesi ya fumbo: mlango umefungwa kwa ndani, sumu isiyojulikana, mwizi mwenye akili kupita shetani. Maigret hapana. Ofisi yake iko Quai des Orfèvres, Paris, na majambazi wakubwa anawajua, lakini hawamtii hamu. Kesi anayoipenda ni ya mtu mdogo ambaye siku moja alivuka mpaka. Karani, mwenye duka, mwenye mashua ya mtoni, mtumishi wa nyumba. Miaka 20 mtu yule alifuata njia moja asubuhi na mangaribi, halafu siku moja damu ikamwagika. Maigret haulizi kwanza ni nani. Anauliza mtu huyu aliishi namna gani. Anaingia katika nyumba yake, anakaa katika kiti chake, anakunywa bia fasi marehemu alikunywa, anazungumza na mama anayelinda mlango. Mwisho anamjua marehemu sawa ndugu, na hapo muuaji anatokea mwenyewe.

Nitatoa mfano mmoja, kitabu cha mwaka 1953 juu ya mtu wa kwenye banki ya barabara. Louis Thouret anakutwa amechomwa kisu katika kichochoro cha Paris. Bibi yake anaitwa kumtambua. Anashangaa juu ya viatu: viatu vya rangi ya manjano, na bwana yake hakuwa na viatu vile. Maigret anaanza na viatu. Anakuta kwamba kampuni ya Thouret ilikuwa imefunga milango zamani. Miaka karibu tatu alikuwa anatoka asubuhi na chakula chake, anaaga bibi, na kwenda kukaa kwenye banki mpaka saa ya kurudi. Hakuwa na ujasiri wa kusema nyumbani kwamba kazi imekwisha. Ili mwisho wa mwezi alete feza, aliingia katika njia mbaya. Na viatu vya manjano, alivivaa inje tu, sababu kule alikuwa mtu mwingine, mtu huru.

Siku niliyoona hadithi hii kwa televizyo nilitoka inje kupumua. Katika avenue yetu kulikuwa baba mmoja aliyekatwa kazi. Majuma mengi alitoka saa kumi na moja ya asubuhi na bote zake na kofia ya kazi, akaenda kukaa karibu na njia ya reli. Bibi yake alisikia habari sokoni, mbele ya wanawake wengine. Yule baba hakuua mtu, na hakuna mtu aliyemwua. Lakini tangu siku ile hakuinua tena macho, na mbele ya mwaka kuisha tulimzika. Wazee wa kampi waliomtazama Maigret walijua Thouret ni nani. Hawakuhitaji mtu awafasirie Kifaransa.

Aina ya pili ya kesi aliyoipenda ni siri ya jamaa: mali, kijiji, jina la nyumba. Katika hadithi ya Saint-Fiacre, bibi mkubwa wa kijiji anakufa kanisani, ndani ya misa, bila kuguswa na mtu. Aliyemwua alitia kipande cha gazeti la uongo ndani ya kitabu chake cha sala, kusema mwana wake amejiua. Moyo ukasimama. Sheria haina jina la mauaji kama yale, na Maigret anajua. Tena kijiji kile ni chake: baba yake alikuwa msimamizi wa mashamba ya bwana mkubwa yule. Aina ya tatu ni kosa la zamani linalorudi. Katika hadithi ya Saint-Pholien, iliyotokea nusu Liège, Maigret anakuta wanaume waliofanya ubaya wakiwa vijana, karibu miaka kumi imepita. Sasa wana bibi na watoto, na siku chache zimebaki ili sheria isiweze tena kuwashika. Anafikiri juu ya watoto wale, na anarudi Paris bila kufunga mtu. Simenon alijua anasema nini: mwenzake mmoja wa ujana alikutwa amenyongwa kwenye mlango wa kanisa lile, mwaka 1922.

Na sisi hapa Kongo? Simenon alifika kwetu. Mwaka 1932, pamoja na bibi yake wa kwanza, alipita Misri na Sudan, akaingia Kongo ya Wabelgiji na kuivuka mpaka Matadi, fasi ndugu yake mdogo Christian alifanya kazi. Aliporudi, aliandika katika gazeti moja la Paris makala kali: aliona wakoloni wanaooza na pombe na uchovu, na akacheka sifa za ukoloni mbele ya wasomaji waliozipenda. Mwaka 1933 akatoa kitabu juu ya Gabon. Ndani yake mwanamke mzungu wa hoteli anaua kijana mweusi, na wazungu wa mji wanapatana ili mtu mweusi asiye na kosa abebe mzigo ule. Mwenye hoteli wa kweli wa Libreville alimpeleka Simenon tribinali na akashindwa. Hata hivyo, Simenon hakukaa na babu zetu. Aliwaona kwa macho ya msafiri, na ndani ya vitabu vyake wanapita nyuma, karibu bila majina. Ile subira ya Maigret ya kukaa katika kiti cha mtu, kwetu haikufika.

Nyumbani kwake pia kulikuwa kesi ambayo hakuna komisere angeitatua. Christian aliyerudi Ubelgiji alifuata watu wa Hitler, na mwezi wa nane mwaka 1944 alikuwa kati ya wale walioua raia huko Courcelles. Alihukumiwa kifo hali hayuko, akakimbilia katika jeshi la wageni la Ufaransa, akafa Indochina mwaka 1947. Georges alikaa Amerika kuanzia 1945 mpaka 1955, akaoa tena, kisha akahamia Uswisi. Alikuwa tajiri wa nyumba kubwa. Maigret mwenyewe alibaki katika apartema yake ya Boulevard Richard-Lenoir, na supu ya Bibi Maigret. Mwaka 1972 Simenon aliandika kitabu cha mwisho cha Maigret. Jumla ilikuwa vitabu 75 na hadithi fupi 28, tena vitabu vingine zaidi ya 100 bila komisere. Mwaka 1978 binti yake Marie-Jo alijiua huko Paris. Baba aliyetumia maisha kuuliza kwa nini mtu anaanguka alibaki na swali lile nyumbani mwake. Alikufa Lausanne tarehe 4 mwezi wa tisa mwaka 1989, na majivu yake yalimwagwa chini ya mti wa bustani, fasi ya majivu ya binti yake.

Kwa televizyo ya Ufaransa, Jean Richard alimcheza Maigret kuanzia 1967 mpaka 1990, halafu Bruno Cremer kuanzia 1991 mpaka 2005, hadithi 54. Ni wawili hawa wengi wetu tunawakumbuka.

Kwa nini delege wa sendika anaandika habari hii? Sababu katika kazi yetu kesi hazikosi. Kebo imepotea, mafuta yamepunguka, mfuko wa madini haujulikani umekwenda wapi. Karibu kila mara anayeitwa wa kwanza ni mdogo wa wote: mlinzi wa usiku, mwanafunzi wa kazi, mtu wa kandarasi. Barua ya kumuomba maelezo inafika asubuhi, na mangaribi jibu linajulikana mbele hajaandika. Mimi pia, nakubali, niliwahi kuingia katika kikao na hukumu tayari kichwani, juu ya mtu niliyemfikiri mlevi tu. Siku hizi, mbele ya kikao, ninaenda kwanza nyumbani kwake. Ninakaa, ninakunywa maji, ninaongea na mama ya nyumba, ninaona kama watoto wamekula. Si kila mara ninamkuta hana kosa. Lakini nikifika mbele ya meza ya wakubwa, ninajua ni mtu gani ninamsimamia.